Swaumu na kompyuta iliyobeba marehemu mia mbili

Saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi. Kiti kipo, tena cha kuzunguka, ila Swaumu Ismaily hakikalii. Amesimama mbele ya kompyuta, mikono kiunoni, macho kwenye namba moja ndogo pembeni ya skrini. Thelathini na nane. Anavuta pumzi. Thelathini na nane. Anakwenda dirishani, anarudi. Thelathini na tisa.

"Umeona? Imepanda," anasema, kana kwamba mwandishi ndiye aliyeipandisha.

Namba hiyo ni asilimia ya memori ambayo programu ya kurushia matangazo imeshakula. Saa moja kamili Redio Jirani, redio ndogo ya jamii mjini Nachingwea, itarusha matangazo ya misiba, yanayosikilizwa kuanzia hapa hadi vijiji vya ndani kabisa vya Ruangwa. Namba ikipanda sana, redio inakuwa bubu. Na leo, kati ya matangazo sita yaliyopo, lipo moja ambalo Swaumu ameapa litafika mwisho.

Pembeni yake yupo Mzee Agapiti, miaka hamsini na nane, mtangazaji mwenye sauti nzito ambayo watu wa huku wakiisikia tu wanapunguza moto wa chai wasikilize. Ameshika karatasi yenye tangazo hilohilo. Limesharekodiwa tangu jana, karatasi haina kazi. Hata mashine ikigoma asingeweza kulisoma, maana maiki nayo inapita kwenye kompyuta hiyohiyo. Ameishika tu.

"Mzee, kaa basi," Swaumu anamwambia.

"Kaa wewe kwanza," mzee anajibu.

Hakuna anayekaa.

Swaumu ana miaka ishirini na tisa. Cheo chake ni fundi mitambo, lakini ukweli ni fundi wa kila kitu: antena, nyaya, betri, jenereta, mpaka kitasa cha mlango wa choo. Kwa mwezi anapata laki mbili na nusu, na ikichelewa inachelewa. Alianzia Ruangwa mjini kwenye kibanda cha kutengeneza simu, na redio ilipomwita miaka minne iliyopita alidhani ameula.

"Simu ikiharibika analalamika mtu mmoja," anasema. "Redio ikiharibika wanalalamika wilaya mbili! Mimi hilo nilikuwa sijalijua."

Kwao matangazo ya saa moja hayakuwa kitu cha mchezo. Bibi yake, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na mambo yake mengine yote anayasema kwa Kimwera, alikuwa akisogeza redio sikioni kila asubuhi. Maneno mengi yalimpita. Alichokuwa akisikiliza ni majina.

"Akisikia jina analolijua anainuka, anafunga kanga," Swaumu anasimulia. "Hajajua aliyekufa ni nani, hajajua wapi. Kanga kwanza, maswali baadaye."

Utasema, si kuna simu siku hizi? Zipo. Ila mtu akiwa shambani bondeni, analinda mahindi yasiliwe na nguruwe na nyani, mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu, tena ukibahatika chaji iwepo. Redio ya betri inasikika popote. Ndiyo maana watu bado wanapanga foleni hapa na karatasi zao, na ndiyo maana lililotokea siku thelathini na tisa zilizopita linamnyima Swaumu raha mpaka leo.

Asubuhi ile Mzee Agapiti alikuwa hewani kwa sauti iliyorekodiwa alfajiri. Tangazo la tatu lilianza hivi: "Bwana Jumanne Awadhi wa Kiegei anasikitika kutangaza kifo cha..."

Kimya.

Kompyuta iliganda palepale. Kishale hakisogei, kibodi haijibu, taa ya diski inawaka bila kuzima. Swaumu alibonyeza kila alichokijua, mwisho akaizima kwa nguvu. Kuwaka upya na programu kufunguka vilichukua dakika kumi na moja. Kipindi cha afya kilikuwa kimeshafika, kikaanza. Tangazo likarudiwa saa saba mchana, neno kwa neno, hadi mwisho wake.

Saa saba kwa Hamidi Awadhi ilikuwa imeshachelewa.

Hamidi ni mkulima wa Mbwemkuru, kaka yake Jumanne aliyetangaza. Alikuwa kwenye kibanda cha kulindia shamba, redio kwenye msumari. Akasikia jina la mdogo wake, akasikia "kifo cha", na redio ikanyamaza. Kiegei wanakaa mama yao na Jumanne. Hakusubiri chochote.

"Nilijua ni mama," Hamidi alimwambia mwandishi wa habari hii kwa simu siku chache nyuma, akiwa juu ya kichuguu chake. "Mwingine nani? Mama alikuwa anaumwa miguu tangu masika yaanze. Nikatoka mbio mpaka barabarani, nikapata bodaboda, njia nzima namlilia mama."

Alifika Kiegei, akakuta nyumba imefungwa. Jirani akamshangaa. Msiba uko Nanganga, akamwambia, aliyefariki ni Safina. Safina ni dada yao mdogo, wa mwisho, aliyeolewa Nanganga. Hamidi akarudi kwenye pikipiki. Alipofika Nanganga watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani.

"Nikamuona mama amekaa kwenye mkeka, yuko hai," Hamidi anasema. "Nikafurahi. Wallahi nilifurahi. Halafu nikakumbuka kwa nini tuko pale, nikajichukia kwa ile furaha. Safina nilimbeba mgongoni mimi. Udongo wake sikuutupia hata kiganja kimoja."

Siku ya nane baada ya mazishi alikuja redioni. Swaumu aliambiwa kuna mtu anaitwa Awadhi yuko nje. Alijua amekuja kugomba, na alijua ana haki.

Hamidi hakugomba. Alisalimia, akavua kofia, akaomba kitu kimoja: asikilizishwe tangazo lote.

Swaumu akamuwekea. Wakasikiliza watu watatu, yeye, Hamidi na Mzee Agapiti, ambaye alikuwa akiangalia viatu vyake huku sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika. Kifo cha dada yao Safina. Mazishi leo saa saba mchana, Nanganga. Habari ziwafikie: Hamidi Awadhi wa Mbwemkuru...

"Kumbe nilitajwa wa kwanza," Hamidi alisema. Basi. Akavaa kofia, akaaga.

Mlangoni Swaumu akamkimbilia, akampa namba yake ya simu na ahadi ambayo hakuwa amejipanga kuitoa. Akamwambia tangazo la nyumbani kwao halitakatika tena. Hamidi akamjibu kwamba siku ya arobaini ikikaribia atakuwa palepale shambani, na redio ileile.

"Niliropoka," Swaumu anakiri. "Ugonjwa wenyewe wa kompyuta nilikuwa siujui. Unamuahidi mtu uponyaji na hujapima!"

Kuanzia siku hiyo, anasema, hakukaa akatulia. Wali ulipoa kwenye sahani. Mjini mtu akimsalimia anaitikia akiwa ameshampita. Mkurugenzi wa redio, Bi. Dorotea, alidhani kompyuta imezeeka tu, akatafuta pesa, ikanunuliwa kadi ya memori iliyotumika kwa shilingi elfu sitini na tano. Memori ikawa maradufu, kutoka giga nne hadi nane. Ofisi nzima ikapiga makofi.

Makofi hayo hayakumaliza wiki mbili. Namba ikaanza tena kupanda. Themanini. Themanini na sita. Tisini na moja. Swaumu akawa anaizima na kuiwasha kila asubuhi kabla ya kupambazuka vizuri, lakini ikiwaka tu programu inarudi na uzito wake uleule. Ilikuwa inakula hata kabla haijaulizwa kitu.

Ndipo siku moja, badala ya kuikodolea macho ile namba, akafungua orodha ya kila kitu ambacho programu imekibeba. Akashusha. Akashusha tena. Orodha haiishi.

"Nilihesabu mara mbili nikidhani nimechanganyikiwa," anasema. "Marehemu mia mbili na kumi na wanne. Wote wako wazi, wote wako tayari kurushwa, kama vile wanazikwa leo."

Hapo inabidi msomaji amjue Mzee Agapiti vizuri. Wazazi wake ni Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji, yeye ni Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, lakini misiba ya huku ameisoma ya Waislamu na Wakristo kwa miaka kumi na saba na ana msimamo wake: jina la marehemu haliondoki kwenye orodha kabla ya arobaini. Hakulizua tu hilo. Zamani aliwahi kulifuta tangazo siku ya tano ili kupata nafasi. Siku ya kumi akaja mjane, ametembea tangu alfajiri, anaomba lirudiwe kwa sababu shemeji zake waliokuwa ng'ambo ya Ruvuma wamerudi na hawakulisikia. Tangazo halipo. Yule mama alikaa chini pale mapokezi akamwaga machozi, anasema mmemtoa mume wangu kama mtu mwenye deni.

"Toka siku ile," Mzee Agapiti anasema, "nikasema mimi simtoi mtu. Arobaini ikipita, sawa. Kabla yake, thubutu."

Ofisi yote ikafuata. Kila tangazo likirekodiwa linaongezwa kwenye orodha, na linakaa humo siku arobaini. Enzi hizo redio ilisikika mjini na vijiji vya karibu tu, matangazo mawili kwa siku, mambo yakaenda. Kisha ukaja mnara mpya, Ruangwa wakaanza kusikia, matangazo yakafika matano, sita kwa siku. Na yakarefuka! Maana kwenye kile kipande cha "habari ziwafikie" hakuna anayetaka kusahaulika. Ukimtaja mjomba wa Kiegei usimtaje wa Nanganga, umeanzisha ugomvi ambao hautaisha hata kwenye harusi ijayo. Kwa hiyo wanatajwa wote, na tangazo la dakika moja linakuwa la dakika tano.

Sasa ile programu ina tabia yake. Kitu chochote kilicho kwenye orodha inakipakia chote kwenye memori, mahali ambapo kompyuta inafanyia kazi ya wakati huo, ili kiwe tayari kuruka papo hapo. Ukiiwekea matangazo sita, haina neno. Ukiiwekea mia mbili na kumi na nne, inayabeba yote mpaka inakosa pa kuvutia pumzi. Hakuna aliyekosea kwa uzembe. Walikuwa wanatunza heshima, na heshima ndiyo iliyojaza mashine.

Swaumu akaenda kwa mzee akiwa amefurahi, kama mtu aliyeokota funguo zake. "Mzee, tatizo nimeliona! Tuwatoe wa zamani, tubaki na wa leo na jana."

Mzee Agapiti akamtazama. "Unataka niwatoe watu mia mbili?"

"Ni mafaili, mzee."

"Mafaili." Akalirudia neno lile polepole. "Mwanangu, huyo dada wa yule bwana aliyekuja hapa na kofia, naye ni faili?"

Swaumu akahesabu siku. Safina alikuwa siku ya ishirini na mbili.

Alichofanya baada ya hapo anakisimulia huku amejishika kichwa. Alimuuliza fundi mmoja wa Mtwara anayefahamiana naye kwenye kundi la mafundi la simu, akafundishwa kuweka kikomo: unaiamuru kompyuta kwamba programu fulani isipewe zaidi ya asilimia sitini ya memori, hata ikililia. Ikivuka, inafungwa yenyewe na kufunguliwa upya, kompyuta nzima inabaki salama. Swaumu akaona amepona. Akakiweka kikomo kimyakimya, bila kumwambia mtu, na marehemu wote akawaacha kwenye orodha.

Mchana huo wakati wa salamu, mtangazaji yuko katikati ya kusoma jina la mama mmoja aliyesubiri wiki nzima kusalimiwa na wanawe, paap! Programu imefungwa. Ikafunguka baada ya sekunde ishirini, ikapakia marehemu wake wote, ikavuka kikomo, ikafungwa tena. Ikafunguka. Ikafungwa. Nachingwea na Ruangwa zikasikiliza redio inayojikwaa kwa nusu saa nzima, mpaka Swaumu alipokiondoa kikomo.

"Kompyuta haikuganda, kweli," Swaumu anasema. "Nilikuwa nimeizuia isile, lakini chakula chote nimekiacha mbele yake. Niliona aibu, sijui hata niseme nini. Na mkosaji ni mimi, nilijificha."

Alimfuata Bi. Dorotea akakiri. Akategemea barua ya onyo. Bi. Dorotea akamwambia barua atamwandikia siku nyingine, kwanza akaongee na mzee, na safari hii aongee kama mtu aliyefiwa siyo kama fundi.

Akamkuta Mzee Agapiti mezani kwake anapanga karatasi za matangazo, zile ambazo familia huleta zimeandikwa kwa mkono. Mezani zilikuwa sita. Chini ya meza kuna boksi la sabuni limejaa karatasi nyingine, zimefungwa kwa kamba, siku kwa siku.

"Mzee, za jana ziko wapi?" Swaumu akauliza.

"Si humo kwenye boksi."

"Na za juzi?"

"Humo humo. Unatafuta ya nani?"

"Umewafukuza?"

Mzee akainua kichwa. "Nimewahifadhi. Mtu akija namtoa sasa hivi."

"Basi kwenye kompyuta umewalaza wote juu ya meza," Swaumu akamwambia. "Wote, mzee. Meza imejaa mpaka wa leo hana pa kulala. Mimi sikuombi uwafute. Nakuomba boksi."

Ingekuwa hadithi, hapo mzee angempa mkono. Hakumpa. Alisema "haya, nimekusikia," kwa ile sauti ambayo kila mtu anajua maana yake ni hapana, akaenda zake nyumbani. Swaumu hakupata usingizi wa maana.

Asubuhi mzee akaja na sharti. Awepo mtu wa kuhakikisha hao wa kwenye boksi wapo, kila siku, mmoja mmoja, kwa jina. Siyo kwa kuangalia idadi. Idadi haimtambui mtu.

"Nikamwambia nitakubali hata ukiniambia niwasomee kwa kupiga magoti," Swaumu anasema akicheka, kisha anaikumbuka namba, anageuka haraka. Arobaini na moja.

Kazi ilimchukua siku tatu. Akatengeneza sehemu kwenye diski, akaiita Arobaini. Kila tangazo likisharushwa linarudi huko lenyewe na memori linaiachia. Kwenye orodha yanabaki ya siku hiyo tu. Kikomo cha sitini akakirudisha, ili siku programu ikichachamaa isiangushe kompyuta nzima. Na kila asubuhi baada ya matangazo mzee anashika karatasi iliyochapwa majina, anayasoma, Swaumu anatazama kama faili lipo na linafunguka, wanaweka alama ya vema kwa kalamu.

Karibu wiki mbili zimepita hivyo, bila mkwamo. Ungedhani Swaumu angekuwa ameanza kukaa. Lakini jana mchana Jumanne Awadhi alikuja na karatasi, na Swaumu alipoisoma alirudi kusimama.

Hitima ya arobaini ya Safina ilikuwa isomwe Nanganga, na Hamidi ndivyo anavyojua. Imehamishwa. Miguu ya mama imezidi, hawezi tena safari, kwa hiyo wameamua wasome Kiegei, kesho baada ya adhuhuri. Jumanne amempigia kaka yake tangu juzi, simu haipatikani.

"Tangazo likikatika ataenda Nanganga," Jumanne alisema. "Mara ya pili atakuwa amekwenda kwenye msiba usio na watu. Jamani, mtamuua."

Sasa ni saa moja kamili. Kiashirio kinalia, sauti ya Mzee Agapiti inaanza kutoka kwenye spika, na Mzee Agapiti mwenyewe anafumba macho.

Tangazo la kwanza linapita. La pili linapita. Namba iko arobaini na nne. La tatu ni fupi, mtoto mchanga. La nne ni la familia kubwa ya Ruangwa, wametaja watu sitini na wawili, na majina hayaishi. Arobaini na tisa. Hamsini na mbili.

"Mbona haishuki?" Swaumu anajiuliza kwa sauti. "La kwanza si lilishaisha? Mbona halijarudi?"

Hamsini na tano. Kikomo ni sitini. Programu ikijifunga, itanyamaza sekunde ishirini, na sekunde ishirini zinatosha kabisa kumeza jina la kijiji. Mkono wa Swaumu umeganda juu ya kibodi. Akigusa kitu anaweza kuharibu, asipogusa anaweza kujuta. Hamsini na sita.

"Bwana Jumanne Awadhi wa Kiegei," spika inasema, "anawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kuwa hitima ya arobaini ya marehemu Safina Awadhi..."

Hamsini na saba. Mzee Agapiti midomo inamcheza, anaifuata karatasi neno kwa neno kama anayetaka kuyasukuma kwa mkono wake.

"...iliyokuwa isomwe Nanganga, imehamishiwa..."

Hamsini na saba.

"...Kiegei, nyumbani kwa mama mzazi wa marehemu, kesho baada ya sala ya adhuhuri. Habari ziwafikie: Hamidi Awadhi, popote alipo Mbwemkuru..."

Namba inacheza kidogo. Kisha inaporomoka. Hamsini. Arobaini na nne. Arobaini. Matangazo yaliyokwisha yamerudi kwenye boksi lao, yamechelewa tu, kwa sababu lile la watu sitini na wawili lilikuwa linayabana mlangoni. Swaumu anaondoa mkono kwenye kibodi. Tangazo la sita linasikika, na hakuna hata mmoja humu ndani anayeweza kukuambia lilikuwa la nani.

Haijaisha, anasema Swaumu. Redio imesema, lakini Hamidi amesikia? Betri je? Kama alikuwa mbali na kibanda, anafukuza nyani? Anatembea kutoka ukuta hadi ukuta, simu mkononi. Saa moja na nusu. Bi. Dorotea anachungulia mlangoni, anaona sura zao, anarudi zake bila kuuliza.

Saa moja na dakika arobaini na mbili simu inaita. Swaumu anaiweka sauti ya nje. Upepo unavuma ndani ya simu.

"Kiegei," sauti inasema. Hakuna salamu, hakuna jina. "Nimesikia Kiegei. Ndiyo Kiegei?"

"Ndiyo, kaka Hamidi. Kiegei, kwa mama. Kesho baada ya adhuhuri."

"Mama miguu?"

"Miguu tu, kaka. Jumanne amesema ni miguu."

"Naondoka sasa hivi," Hamidi anasema. "Safari hii nitawakuta."

Mzee Agapiti anaikunja ile karatasi mara nne, anainama, anaiingiza kwenye boksi la sabuni chini ya meza. Anakaa huko chini ya meza muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Ukimuuliza Swaumu mipango yake, anayo. Anataka redio ipate kompyuta ya pili ili siku moja ikigoma nyingine ishike, na ameshaanza kudunduliza kwenye simu za watu anazotengeneza Jumamosi. Anataka awafundishe mafundi wa redio nyingine ndogo za kusini namna ya kuipimia programu chakula kabla haijawatia aibu, maana ana uhakika nao wana marehemu wao wamewalaza mezani. Lakini hayo ni ya mbele.

"Ya karibu ni hii," anasema. "Nataka siku moja nisikilize matangazo nimekaa, kama bibi yangu. Nisikilize majina tu."

Mzee Agapiti anakisukuma kile kiti cha kuzunguka kwa mguu, kinamfikia Swaumu magotini. Anakiangalia. Anaiangalia namba: thelathini na nane. Anakaa, ukingoni kabisa, kama mgeni.

Mzee anavaa miwani, anatoa karatasi ya majina na kalamu. Leo wako mia mbili na tisa. Anaanza juu, kwa wale ambao siku zao zinakwisha.

"Safina Awadhi, wa Nanganga," anasoma.

Swaumu anabonyeza, anasikiliza kidogo, anaitikia.

"Yupo."